Unapita Wapi? Swali Ambalo Hatuulizani

Mgonjwa wa pumu anapoingia katika chumba cha daktari huulizwa maswali mengi. Huulizwa kama anavuta sigara, kama nyumbani kwake wanapikia mkaa, kama vumbi la kazini humsumbua, na kama dawa yake ya kuvuta anaitumia inavyotakiwa. Mwenye shinikizo la damu huulizwa habari za chumvi, pombe na mazoezi. Mwenye kisukari huulizwa alikula nini jana. Hayo ni maswali ya msingi, na sisi tunaofundisha fani ya tiba huwasisitizia wanafunzi wetu wasiyaruke. Hata hivyo, liko swali moja fupi ambalo nimelisikia mara chache mno katika miaka yangu ya kufundisha, nami mwenyewe kwa muda mrefu sikuwa nikiliuliza: je, kila siku unapita wapi?

Swali hili si la udadisi. Mkazi wa Dar es Salaam anayeishi Kimara, Mbagala au Gongo la Mboto na kufanya kazi katikati ya jiji anaweza kutumia saa mbili, tatu au zaidi akiwa njiani kila siku. Ukizijumlisha saa hizo kwa mwaka mzima, utaona kwamba barabara ni mahali anapoishi, sawa na chumba cha kulala au ofisi. Hewa ya hapo huivuta, kelele za hapo huzisikia, jua la hapo humpiga, na hatari za hapo ni zake. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo atachagua kwa makini nyumba ya kupanga, atauliza kuhusu maji, umeme na majirani, lakini njia ya kwenda kazini huichagua mara moja tu, kwa kigezo kimoja tu, kisha hairudii tena kuifikiria. Kigezo hicho ni dakika.

Makala haya yanatetea hoja moja. Dakika ni kipimo halali cha njia, lakini si kipimo pekee, na mtu anayekitumia peke yake hulipa gharama nyingine bila kujua, kwa mapafu yake, kwa miguu yake, na wakati mwingine kwa maisha yake. Kwa hiyo tunapaswa kujizoeza kuichagua njia kama tunavyochagua chakula: hatutazami bei tu, tunatazama pia kitakachotufanyia mwilini.

Tuanze na mazoea, maana ndiyo yanayotuongoza zaidi ya akili. Wahenga walisema mzoea punda hapandi farasi. Wengi wetu tunadhani kwamba njia tunayopita ni bora kwa kuwa tumeipita kwa miaka. Tukio moja la London linatupa sababu ya kutilia shaka imani hiyo. Mwezi Februari 2014 wafanyakazi wa treni za chini ya ardhi za jiji hilo waligoma kwa siku mbili, na baadhi ya vituo vikafungwa. Wasafiri walilazimika kutafuta njia nyingine. Wachumi waliochunguza kumbukumbu za kadi za nauli waligundua kwamba mgomo ulipokwisha, takriban msafiri mmoja kati ya 20 hakurejea kwenye njia yake ya zamani. Watu hao walikuwa na njia bora zaidi siku zote, ila hawakuijua mpaka walipofungiwa ile waliyoizoea. Sehemu ya sababu ilikuwa ramani yenyewe ya treni hizo, ambayo huchorwa kwa namna inayopotosha umbali halisi kati ya vituo.

Sisi hatuhitaji mgomo. Kila masika Mto Msimbazi unapofurika na Barabara ya Morogoro ikafungwa pale Jangwani, maelfu ya wakazi wa jiji hugundua mitaa ambayo hawajawahi kuikanyaga. Wapo wanaolalamika, na wana haki, kwa kuwa mafuriko ni maafa na kuna waliopoteza nyumba na ndugu. Lakini wapo pia wanaogundua kwamba mtaa wa nyuma una kivuli, hauna honi, na unawafikisha kwa kuchelewa dakika nne tu. Maji yakishakauka, karibu wote tunarudi kulekule tulikotoka. Hatujiulizi tena zile dakika nne zilikuwa zinatununulia nini.

Kitu cha kwanza zinachonunua ni hewa. Mwaka 2007 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti ambao, kwa maoni yangu, kila mkazi wa jiji angefaa kuujua. Ulifanyika London pia. Watu wazima 60 wenye pumu ya kiwango kidogo au cha wastani walitembea kwa saa mbili katika barabara ya Oxford Street, ambako wakati huo magari yaliyoruhusiwa yalikuwa mabasi na teksi za dizeli. Siku nyingine watu walewale walitembea kwa saa mbili katika bustani ya Hyde Park, iliyo jirani kabisa. Kiasi cha hewa walichoweza kukipuliza kwa nguvu katika sekunde moja kilipungua kwa hadi asilimia 6.1 baada ya matembezi ya barabarani, na upungufu huo ulikuwa mkubwa kuliko ule wa bustanini kwa tofauti isiyoweza kuelezwa kwa bahati. Dalili za uvimbe katika njia zao za hewa nazo ziliongezeka. Jambo la kutia hofu zaidi ni kwamba upungufu huo haukuandamana na dalili ambazo wao wenyewe wangezitambua. Mapafu yalikuwa yameguswa, mwenye mapafu hana habari.

Tafsiri yake kwetu ni nyepesi. Moshi unaotoka moja kwa moja katika bomba la gari hupungua haraka kadiri unavyojitenga na barabara kuu. Sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika mita 100 hadi 200 za mwanzo. Maana yake ni kwamba mtaa mmoja au miwili kutoka Barabara ya Mandela au ya Nyerere, hewa unayovuta imekwisha kuwa tofauti. Sisemi kwamba ni safi. Zile chembechembe laini zisizozidi kipenyo cha mikromita 2.5, ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuingia katika damu, husambaa jiji zima, na taka zinazochomwa uani pamoja na majiko ya mkaa huziongeza. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipunguza kiwango linachopendekeza cha chembechembe hizo kutoka wastani wa mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka, kwa sababu ushahidi ulionyesha madhara hata katika viwango vya chini. Shirika hilo linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa ya nje ulisababisha vifo milioni 4.2 vya kabla ya wakati duniani mwaka 2019, vingi vikiwa vya maradhi ya moyo na kiharusi. Mtu mmoja hawezi kuisafisha hewa ya jiji. Lakini anaweza kuacha kutembea sambamba na bomba la lori.

Wala aliye ndani ya gari asidhani ameokoka. Gari lililo katika foleni, madirisha yakiwa wazi, huvuta moshi wa gari lililo mbele yake, na abiria wa daladala aliyekaa nyuma ya basi lingine anaweza kuvuta hewa mbaya kuliko ya mwenda kwa miguu anayepita mtaa wa ndani. Anayeumia zaidi ni mtoto. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, na pua yake iko karibu zaidi na kimo cha mabomba ya magari. Mzazi anayemshika mkono mwanawe na kumpitisha kando ya barabara kuu kila asubuhi, kwa kuwa ndiyo njia fupi ya shuleni, anafanya uamuzi wa kiafya, ajue au asijue.

Kitu cha pili ni mwendo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Wagonjwa wengi wakisikia hivyo hufikiria ukumbi wa mazoezi, viatu maalumu na ada ya kila mwezi, kisha hukata tamaa. Hesabu ya njia ni rahisi kuliko hiyo. Anayetembea kwa miguu ya haraka dakika 15 wakati wa kwenda na dakika 15 wakati wa kurudi, siku tano kwa wiki, amekwisha kutimiza dakika 150. Nitoe mfano wa mahali ninapopajua vyema. Anayekuja Muhimbili kwa mwendokasi hushuka kituo cha Fire. Wengi hapo hupanda bodaboda au bajaji. Wanaotembea hufuata Barabara ya Umoja wa Mataifa pamoja na magari yote. Lakini Upanga ina mitaa ya ndani yenye miti na magari machache. Anayeipita huongeza dakika chache tu, naye huwa ametembea, amepata kivuli, na ameokoa nauli. Kwa mwenye kisukari faida ni kubwa zaidi, kwani matembezi mafupi baada ya kula husaidia kuzuia sukari isipande sana katika damu. Mtu anayetembea kutoka kwa mama lishe hadi kituo cha basi cha pili, badala ya kile cha kwanza, anajitibu bila kununua kidonge.

Kitu cha tatu ni uhai wenyewe. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 duniani kila mwaka, nazo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Mwendo wa gari ndio huamua mengi: hatari ya kufa kwa anayegongwa na sehemu ya mbele ya gari huongezeka mara nne na nusu gari linapokwenda kilomita 65 kwa saa badala ya 50. Katika maeneo ya makazi nchini Tanzania kikomo kisheria ni kilomita 50, lakini kila anayevuka barabara kuu usiku anajua kwamba sheria na mwendo wa magari ni mambo mawili. Hapo ndipo hesabu ya dakika inapokuwa ya kusikitisha. Anayevuka mahali popote ili asitembee mita 150 hadi kwenye kivuko chenye taa ameokoa dakika mbili. Katika wodi za mifupa wamo watu waliookoa dakika mbili.

Najua pingamizi zitakazotolewa, na baadhi yake ni nzito. Ya kwanza ni ya muda. Mama anayetakiwa kufungua meza yake ya biashara Kariakoo alfajiri, au kibarua anayekatwa ujira akichelewa, hana dakika nne za kugawa. Ya pili ni ya usalama. Mtaa wa nyuma wenye kivuli saa nne asubuhi ni mtaa wa vibaka saa mbili usiku, na kwa mwanamke au binti wa shule hofu hiyo si ya kufikirika. Ya tatu ni ya maumbile ya jiji lenyewe. Anayetumia kiti cha magurudumu, au mzee mwenye maumivu ya magoti, hawezi kuruka mtaro ulio wazi wala kupanda ngazi za daraja la waenda kwa miguu. Kumwambia mtu wa namna hiyo achague njia bora ni sawa na kumpa orodha ya vyakula asivyoweza kununua.

Pingamizi hizi hazivunji hoja yangu. Zinaihamisha kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa wenye mamlaka ya kupanga jiji. Ikiwa njia salama ni anasa ya mwenye muda, basi kosa si la aliyekosa muda. Tumejenga barabara za juu pale TAZARA na Ubungo ili magari yasisimame, na foleni zimepungua, jambo jema. Lakini mara nyingi mwenda kwa miguu ndiye hutakiwa kuzunguka, kupanda na kushuka, ili gari lipite moja kwa moja. Tumempa mwenye injini njia fupi, na mwenye miguu njia ndefu, kisha tunamlaumu anapokatisha.

Wala tusiseme kwamba marekebisho ni ghali. Mfano umo humuhumu Dar es Salaam. Shirika la Amend, kupitia mpango wake unaojulikana kwa kifupi kama SARSAI, limekwenda katika shule za msingi zilizo kando ya barabara hatari na kufanya mambo ya kawaida kabisa: matuta, alama za pundamilia, njia za pembeni za kutembelea, na pale ilipowezekana kuhamisha lango la shule kutoka barabara yenye magari mengi hadi mtaa tulivu. Tathmini iliyofanywa katika maeneo hayo ilionyesha kwamba majeruhi miongoni mwa watoto yalipungua kwa takriban asilimia 26, na mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya WRI Ross kwa Miji. Nataka msomaji alitafakari hilo la lango. Hakuna aliyewahubiria watoto wabadili tabia. Lango lilihamishwa, na miguu yao ikafuata njia nyingine.

Hilo ndilo ombi langu kwa halmashauri za jiji na manispaa. Kwa kila barabara kuu inayopanuliwa, uwepo mtaa mmoja wa ndani unaoandaliwa kwa ajili ya watembeao: mitaro ifunikwe, taa ziwekwe, miarobaini na miti mingine ya kivuli ipandwe na kumwagiliwa mpaka ishike, na wamachinga wapangiwe pembeni badala ya kufukuzwa, maana biashara yao ndiyo macho yanayoufanya mtaa uwe salama jioni. Vivuko viwekwe pale watu wanapovuka, si pale inapomfaa dereva. Mambo haya hayana ufunguzi wenye utepe, lakini yanapunguza vitanda vinavyohitajika hospitalini.

Kwa msomaji mmojammoja ninaomba jambo dogo zaidi. Chukua siku moja tu katika wiki hii, siku ambayo hukimbizwi na kitu, upite njia usiyoizoea. Ipime kwa saa, kisha ipime kwa maswali mengine: Nimevuka barabara kubwa mara ngapi, na wapi? Nimetembea kando ya moshi kwa muda gani? Kivuli kilikuwapo? Nimefika nikiwa nahema kwa mwendo au kwa hasira ya honi? Ningemruhusu mwanangu apite hapa peke yake? Kama njia yako ya zamani bado inashinda, irudie kwa amani. Kama imeshindwa, umepata dawa isiyo na bei. Programu za ramani zilizo katika simu zetu kwa kawaida hutupa njia ya haraka kwanza. Si kosa lake. Ndilo swali tunaloiuliza.

Na kwa wanafunzi na wenzangu katika fani, ninaomba tuongeze sentensi moja katika mahojiano na mgonjwa. Mwenye pumu ambaye haponi ingawa anatumia dawa ipasavyo, tumuulize anapita wapi na anasubiri basi wapi. Mjamzito, mzee aliyepata kiharusi, mtoto anayekohoa kila mwezi, nao tuwaulize. Mara nyingi jibu halitabadilisha dawa tunayoandika. Lakini mara nyingine litatuonyesha kwamba mgonjwa hukaa nusu saa kila siku nyuma ya mabasi yanayonguruma, na kwamba kituo kingine kipo mita 200 mbele, penye upepo. Ushauri huo hauhitaji kipimo cha maabara.

Lugha yetu ina methali ya maneno mawili tu: kawia ufike. Tumezoea kuwaambia madereva. Imetupasa sasa tujiambie na sisi wenyewe, kila asubuhi tunapotoka mlangoni na miguu kutaka kushika njia ileile ya jana. Kufika ni kufika na mapafu, na miguu, na watoto wote tuliotoka nao nyumbani.